Nzi wa porini kwa picha za simu: leta yako tuitazame, ila onyesha bawa

#1 Mwalimu Bawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mwezi wa pili kijana mmoja wa ukoo wetu aliyeko Handeni alinitumia picha kwa WhatsApp. Sikio la ndama, na juu yake nzi wa kijivu. Chini aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Ndorobo wamerudi. Baba anataka kuuza ng'ombe saba kabla hawajaanza kufa." Nikamwomba wasubiri hadi jioni. Nikaikuza ile picha mpaka ikaanza kuvunjikavunjika, nikaona kitu kimoja kilichonitosha: mabawa yalilazwa mfano wa paa la nyumba, moja huku, moja kule, na yalikuwa ya rangi ya moshi yenye madoa meupe yaliyojipinda. Huyo alikuwa pange wa jenasi Haematopota. Anauma vibaya, na kwa mdomo wenye damu mbichi anaweza kuhamisha vimelea kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Lakini halei tumboni mwake vimelea wa nagana, ule ugonjwa unaoua ng'ombe, kama afanyavyo ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o.

Ng'ombe hawakuuzwa. Hata hivyo usiku ule sikulala vizuri, maana nilijiuliza: ingekuwaje kama nzi angegeuka upande wa pili na nisingeyaona mabawa? Ningejibu nini? Na kama ningekosea na kusema "si ndorobo" wakati ndiye?

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni hii, watu kunitumia picha za nzi. Nyingi siwezi kuzijibu, si kwa sababu nzi hajulikani, ila mpiga picha amepiga mgongo wenye ukungu au kitone cheusi juu ya jani. Ndiyo sababu ya uzi huu. Leteni picha, tuzitazame pamoja, na tufundishane kupiga picha inayosema kitu.

Kwanza hakikisha ni nzi. Hesabu mabawa. Nyuki, nyigu na kipepeo wana manne. Nzi ana mawili tu, na mahali pa yale ya nyuma ana virungu viwili vidogo, kama pini zenye vichwa, vinavyomsaidia kukaa sawa hewani. Mbu naye ni nzi kwa hesabu hiyo, na usubi pia. Wenye majina ya kisayansi duniani wamepita 150,000, kwa hiyo mtu akikwambia anawajua wote, mwache.

Kwa nini nang'ang'ania bawa? Mishipa ya bawa ni kama ramani ya barabara. Rangi ya mwili hubadilika kwa umri, kwa mwanga, kwa vumbi, hata kwa simu yenyewe. Mishipa haibadiliki. Ndorobo, kwa mfano, katikati ya bawa ana kijumba kilichozungukwa na mishipa chenye umbo la shoka kabisa, shoka la kuchanjia kuni, na mpini wake. Ukiliona shoka hilo umemaliza. Hakuna nzi mwingine mwuma-damu aliye nalo.

Basi ukimwona nzi, piga kutoka juu, kisha ubavuni, kisha usoni. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Nenda alfajiri, nzi akiwa bado amepoa, na usimtupie kivuli chako, maana kivuli ndicho kinachomrusha. Gusa kioo cha simu mahali bawa lilipo ili kamera ilenge hapo na si kwenye jani. Piga kumi, tuma tatu. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, si kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana picha na mishipa ndiyo inayopotea kwanza. Andika mahali, tarehe, na alikuwa anafanya nini: amekaa juu ya kinyesi, ua, ng'ombe, embe bovu, ukuta wa choo. Hayo yanapunguza orodha kuliko lenzi ya bei kubwa.

Neno la mwisho kwa leo: picha inapoishia nami nitaishia hapo hapo. Nikisema "familia tu" au "jenasi tu", yaani kundi lake na si spishi yenyewe, msinione nimekwepa. Hilo ndilo jibu.


#2 Mfugaji wa Simanjiro

Mwalimu shikamoo. Nashukuru kwa uzi. Mimi nina swali linalonichoma. Wiki ya pili sasa tukipita na pikipiki karibu na korongo tunafuatwa na nzi, wanauma kupitia shati. Mbuzi wawili wamekonda ghafla. Wazee wanasema ndorobo, kijana wa duka la dawa za mifugo anasema ni nzi wa kawaida wa zizini. Picha hii hapa, niliipiga akiwa begani kwa mdogo wangu.


#3 Mwalimu Bawa

Marahaba mkuu, pole na mifugo.

Nimeitazama mara nyingi. Naona mwili wa kahawia na mkono wa mtu umetikisika. Kichwa hakionekani, bawa limekuwa mstari mweupe wa mwanga. Sitasema ndorobo wala sitasema siye. Hilo la kufuata pikipiki nalitilia uzito, kwa sababu ndorobo wa mbugani huvutwa sana na kitu kinachotembea. Lakini ni dalili, si ushahidi.

Huyo kijana wa dukani anamfikiria Stomoxys, na si wazo baya. Ukimwona kwa mbali utasema nzi wa nyumbani, ila mdomo wake ni mrija mgumu unaochomoza mbele kama msumari. Hupenda miguu ya ng'ombe. Ndorobo naye ana mrija unaochomoza mbele, ndiyo maana watu huchanganya. Tofauti iko kwenye namna ya kukaa: Stomoxys akitua mabawa yake huachana kwa nyuma, ndorobo huyalaza moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mabawa yanaupita mwisho wa tumbo. Kwa hiyo anaonekana mrefu na mwembamba kuliko alivyo.

Mkamate kwa kikombe cha plastiki cheupe, mfunike, peleka kivulini, mwache atulie. Kisha piga kutoka juu. Nakusubiri.


#4 Mzawa wa Jozani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasoma nikiwa Unguja na nataka kuongeza jambo kwa sababu linatuhusu sana.

Kwetu mbung'o alikuwapo, aina moja tu, Glossina austeni. Mdogo, wa kahawia inayoelekea wekundu, anakaa vichakani na msituni. Mwaka 1994 ndege zikaanza kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kwa hiyo akimpata dume tasa uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena.

Sasa shida yetu. Kila baada ya muda kijana anapiga picha ya nzi aliyemuuma ng'ombe, anaitupia mtandaoni na maneno "mbung'o karudi Unguja". Watu wanaanza kupigiana simu. Zote nilizoziona mimi zilikuwa Stomoxys au pange. Lakini mtu akipuuza kila picha kwa mazoea, siku akirudi kweli nani atamwona? Ndiyo maana naona uzi huu una maana. Tupate watu wa kutazama bawa kabla ya kuandika.


#5 Mwalimu Bawa

Waaleikum salaam. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, ndugu. Kupiga kelele bure na kukaa kimya wakati wa hatari ni makosa mawili, na picha mbaya huzaa yote mawili.

Kwa wanaopenda majina: huyo austeni ameitwa kwa heshima ya Ernest Austen, mtaalamu wa nzi wa jumba la makumbusho la London. Tutamkuta tena kama kuna Mkenya humu anayejua habari za Ukasi.


#6 Mama Maembe, Muheza

Mwalimu habari za leo. Mimi nina miti sitini ya maembe, dodo na ya kisasa. Nimeweka picha mbili. Ya kwanza ni funza ndani ya embe. Ya pili ni nzi aliyekaa juu ya embe mchana. Nataka kujua ni yule nzi mgeni wanaomzungumzia au ni wa hapa hapa.


#7 Mwalimu Bawa

Mama, salama kabisa. Picha ya pili ni nzuri, nimefurahi.

Kwa ya kwanza nakuomba radhi: funza mweupe ndani ya embe hatambuliki kwa picha ya simu. Wote wanafanana. Ila kuna njia. Chukua embe lenye funza, liweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu wa vidole vinne, funika kwa kitambaa chepesi cha chandarua. Funza wataingia mchangani na kujifunga kama punje za mchele za kahawia. Kwa joto la Muheza, siku kumi hadi wiki mbili watatoka nzi. Usiwapige picha siku hiyo hiyo, maana anayetoka huwa amepauka na rangi haijakaa. Waachie pamba yenye maji ya sukari siku mbili, ndipo upige.

Sasa ya pili. Tazama nami. Kifua cheusi, na kila upande una mchirizi mmoja wa njano, kwa hiyo miwili. Mwisho wa kifua kuna kipande cha njano kama kitako cha kikombe. Tumboni kuna alama nyeusi ya herufi T. Bawa ni safi kama kioo, limebeba ukanda mwembamba mweusi kwenye ukingo wa mbele tu. Huyo ni Bactrocera dorsalis, nzi mgeni uliyemsikia.

Angekuwa wa kwetu, Ceratitis cosyra, ungeona mwili wa njano wenye madoa meusi mgongoni, na bawa lenye mabaka ya njano-kahawia na vitone vya giza karibu na kifua, kama mtu amelirushia matope. Na kama ungepiga kwenye matikiti ukaona michirizi mitatu ya njano, wa tatu ukipita katikati ya mgongo, huyo ni jamaa mwingine, Zeugodacus cucurbitae.

Habari za jina la dorsalis nazipenda, nivumilieni. Alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo Tanzania. Wataalamu walipomlinganisha na jamaa zake wa Asia waliona ana tofauti, wakampa jina jipya mwaka 2005: Bactrocera invadens. Miaka kumi watu wakaandika invadens kwenye vitabu, mabango na mafunzo ya mabwana shamba. Kisha wakapima tena maumbo, vinasaba, na kama wakipandana huzaa watoto wanaozaa, wakaona ni dorsalis yule yule. Mwaka 2015 jina la invadens likafutwa. Kwa hiyo mama, ukikuta bango la zamani limeandika invadens, ni nzi wako huyo huyo.

Nimeeleza kirefu kwa sababu moja. Wenye darubini, sampuli na maabara walihitaji miaka kumi kuamua. Hapa Muheza naweza kukwambia dorsalis kwa picha kwa sababu jamaa zake wa karibu wanaofanana naye hawajulikani kwetu. Picha hiyo hiyo ingepigwa Asia, ningesema "kundi la dorsalis" na kunyamaza.


#8 Mama Maembe, Muheza

Ahsante sana Mwalimu. Nina mtego wenye dawa ya harufu, nilipewa na bwana shamba. Wanaoingia wote wanafanana na huyu.


#9 Mwalimu Bawa

Kama ni methili eujenoli, hiyo huvuta madume wa dorsalis, haimvuti cosyra. Kwa hiyo usiseme "cosyra hayupo shambani kwangu" kwa sababu ya mtego huo. Ile ndoo ya mchanga ndiyo itakayokwambia. Andika kwenye kila picha kama nzi ametoka mtegoni au kwenye tunda.


#10 Kijana wa Programu

Wakuu mnajichosha. Programu za simu zinatambua kila kitu siku hizi. Nimepiga nzi huyu wa kijivu jalalani hapa Mbeya, programu ikaniambia Sarcophaga carnaria. Sekunde tatu. Picha hii.


#11 Mwalimu Bawa

Karibu kijana. Nami natumia programu, iNaturalist hasa. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Berkeley, na tangu 2017 inapendekeza majina kwa kutazama picha. Imenisaidia sana. Lakini hebu tuitazame hii yako kwa utulivu.

Macho mekundu. Kifua kina michirizi mitatu myeusi. Tumbo limegawanyika kijivu na cheusi kama ubao wa drafti, na ukimgeuza mwanga vyeusi vinakuwa kijivu. Huo ndio mwonekano wa nzi wa nyama, familia Sarcophagidae. Mpaka hapo programu imesema kweli. Tatizo ni lile neno carnaria. Huyo ni nzi wa Ulaya. Programu imekupa jina hilo kwa sababu imejifunza kutokana na picha zilizokuwapo, na nyingi mno zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Mbeya imeonekana mara chache machoni pake.

Na hata huko Ulaya, wanaowajua nzi hawa hawasemi spishi kwa picha ya mgongo. Wanamkamata dume, wanavuta viungo vya uzazi kwa pini na kuvitazama kwa darubini, kwa sababu tofauti iko humo. Jike mara nyingi hupita bila jina kabisa. Kwa hiyo picha yako, ambayo kwa uzuri inashinda zote zilizotumwa humu, inaishia kwenye familia.

Ombi langu kwako na kwa wengine: kwenye iNaturalist jina huthibitika zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakikubaliana, na mara nyingi ni watu wawili tu. Mtu akikubali kwa kumpendeza mwenzake, kosa linapata muhuri, na programu inakuja kujifunza kutokana na kosa hilo. Usibonyeze kukubali kama hukuona mwenyewe alama inayotenganisha.


#12 Kijana wa Programu

Nimekuelewa Mwalimu. Nimerudisha hadi familia. Kumbe ningewapotosha wengine.


#13 Mkusanya Wadudu

Niseme wazi. Nimefanya kazi na sampuli miaka ishirini. Nzi asiyechomwa pini na kuhifadhiwa kama sampuli ni hadithi. Bila mwili hakuna wa kurudi kuhakiki, hakuna vinywele vya kuhesabu, hakuna kinasaba. Naogopa nyuzi kama hizi zinafundisha vijana kwamba picha inatosha.


#14 Mwalimu Bawa

Mkuu, nakuheshimu, na hoja yako ina historia nzito. Mwaka 2015 Stephen Marshall wa Kanada na Neal Evenhuis wa Hawaii walitangaza spishi mpya ya nzi kutoka Afrika Kusini kwa picha peke yake, bila mwili hata mmoja. Wakamwita Marleyimyia xylocopae. Ni nzi wa familia Bombyliidae aliyejifananisha na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Mwaka uliofuata mamia ya wataalamu walitia sahihi barua ya kupinga: bila sampuli, walisema, jina halina mahali pa kusimama. Waliotetea walijibu kwamba nzi yule hafanani na mwingine yeyote na picha zinaonyesha wazi.

Msimamo wangu ni huu. Kumpa jina kiumbe kisicho na jina ni kazi inayodai mwili, hapo niko upande wako. Lakini kumtambua aliyekwisha kupewa jina ni kazi nyingine, na jibu linategemea nzi mwenyewe. Yupo anayetambulika kwa picha mbovu ya simu ya laki moja. Yupo asiyetambulika kwa kamera ya mamilioni. Kazi yetu humu ni kujua yupi ni yupi.


#15 Jirani wa Ukasi

Mwalimu umeniita nami nimekuja. Mimi ni wa upande wa Mwingi, Kenya.

Ukitoka Thika kwenda Garissa unapita kilima cha Ukasi. Kuna mwamba mkubwa wenye ufa, ndani mnaishi popo. Mwaka 1933 alipatikana humo nzi ambaye hakuna aliyekuwa amemwona: amefunikwa manyoya marefu ya manjano, miguu mirefu kama buibui, mabawa yamepungua yakawa vijikanda visivyoweza kumrusha. Funza wake huishi kwenye mavi ya popo. Huyo Austen aliyetajwa juu ndiye aliyempa jina, mwaka 1936: Mormotomyia hirsuta. Alionekana tena mwaka 1948, kisha kimya. Watu walikwenda na kurudi mikono mitupu. Mwaka 2010 wakati wa mvua, Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzake wakampata tena pale pale, mwambani. Ana familia yake peke yake, hakuna jamaa wa karibu.

Sasa mkuu Mkusanya, nakuuliza kwa heshima: mchungaji wa mbuzi akipita pale akapiga picha ya huyo mdudu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kuna mtu atahitaji pini?


#16 Mkusanya Wadudu

Huyo hapana. Hata kivuli chake kingetosha. Nakubali hapo.

Lakini naongeza kwa faida ya wote: kuna kitabu kikubwa cha nzi wa Afrika kusini mwa Sahara kilichohaririwa na Ashley Kirk-Spriggs na Bradley Sinclair, juzuu mbili mwaka 2017 na ya tatu 2021, kimetolewa na SANBI, taasisi ya bioanuwai ya Afrika Kusini iliyoko Pretoria, na kinapakuliwa bure. Michoro ya mabawa imo. Anayetaka kujifunza kwa dhati aanze na sura za familia.


#17 Mpunga wa Kilombero

Naomba kuuliza kidogo. Huyu mwenye macho juu ya vijiti kama konokono, yuko mpungani. Ni nzi kweli?


#18 Mwalimu Bawa

Ni nzi. Diopsis. Macho na papasi (vile vipembe vya kunusia) vyote vimekaa mwishoni mwa vijiti, huwezi kumkosea. Funza wa baadhi yao hula kiini cha mche wa mpunga hadi jani la kati likanyauka. Ukipata picha ya mgongo na ya ncha za mabawa zitume, kuna zaidi ya spishi moja mpungani.


#19 Muuguzi wa Kijiji, Kongwa

Mwalimu shikamoo. Kwetu vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) vimesumbua watoto vizazi na vizazi. Kwenye mafunzo tuliambiwa nzi wanaotua machoni si nzi wa nyumbani hasa. Nimepiga picha mtoto wa jirani akiwa amekaa, nzi watatu kando ya jicho. Uso nimeufunika kwa alama nyeusi, nimeacha nzi tu. Mama yake ameniruhusu.


#20 Mwalimu Bawa

Marahaba binti yangu, na ahsante kwa kumsitiri mtoto. Nawaomba wote mfanye hivyo.

Mafunzo yenu yalisema kweli. Tazama kifua cha yule wa juu kabisa, aliyegeuza mgongo kwetu. Nzi wa nyumbani, Musca domestica, ana michirizi minne myembamba myeusi. Huyu wako ana miwili, mipana. Ni Musca sorbens. Anatafuta maji ya macho na ya pua, na hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Kwa hiyo picha yako, ukiionyesha kwenye mkutano wa kijiji, inazungumza habari za vyoo kuliko hotuba.

Wale wawili wa chini siwajui. Wamekaa kiubavu na kifua hakionekani. Usiseme watatu ni sorbens. Sema mmoja, na wawili jenasi Musca.


#21 Mfugaji wa Simanjiro

Mwalimu nimerudi. Jana nilichukua kitambaa cha bluu na cheusi nikakitundika kando ya korongo, nimesikia wanakipenda. Walikuja. Nimekamata wawili kwa kikombe kama ulivyosema. Mmoja nimemweka juu ya karatasi nyeupe na kupiga kutoka juu, jua likiwa nyuma ya karatasi. Picha nimetuma kama faili.


#22 Mwalimu Bawa

Mkuu, nimeifungua na nimeinuka kitini.

Mabawa yamelala moja juu ya jingine. Mrija umenyooka mbele ya kichwa, na chini yake kuna uvimbe mdogo kama kitunguu. Na kwenye bawa la juu, katikati, shoka. Makali na mpini vinaonekana kabisa. Huyu ni Glossina. Ndorobo. Wazee wako walisema kweli.

Spishi bado. Kwa eneo lako nafikiria swynnertoni, ambaye hupatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini-magharibi mwa Kenya tu, au pallidipes. Dawa ya kuwatenganisha iko miguuni. Nipigie nyayo za mguu wa mbele, wa kati na wa nyuma, mmoja mmoja. Nataka kuona vipingili viwili vya mwisho vya kila mguu ni vya rangi gani. Kama mdogo wako ana miwani ya kusomea, iweke mbele ya kamera, itakuza.


#23 Mfugaji wa Simanjiro

Miwani ni ya mama, ametupa. Hizi hapa tatu. Kwa rula nzi ni sentimeta moja kasoro kidogo. Mguu wa nyuma mwishoni ni mweusi. Wa mbele na wa kati naona manjano mpaka mwisho, au macho yangu?


#24 Mwalimu Bawa

Macho yako yako sawa. Vipingili viwili vya mwisho vya mguu wa nyuma vimekolea weusi, vya juu yake havijakolea. Hilo linamweka kwenye kundi la ndorobo wa mbugani na si wale wa kandokando ya ziwa. Mguu wa mbele na wa kati hauna weusi nchani. swynnertoni angekuwa nao. Na urefu uliopima kwa rula, sentimeta moja kasoro kidogo, unaafiki. Glossina pallidipes.

Usiwatupe hao wawili. Picha imefika mwisho wa kazi yake, sasa nzi wenyewe wanahitajika kwa afisa mifugo, na mbuzi wako wapimwe damu. Mkuu Mkusanya, mwelekeze namna ya kuwahifadhi, hapo wewe ndiye mwenyeji.


#25 Mkusanya Wadudu

Chupa ndogo ya dawa iliyooshwa na kukaushwa, spiriti kali ijae. Kata karatasi ndogo, andika kwa penseli, si kwa kalamu, maana wino huyeyuka kwenye spiriti: mahali, tarehe, jina la aliyekamata, na maneno "kitambaa bluu/cheusi". Karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na nzi, isibandikwe nje.


#26 Mfugaji wa Simanjiro

Nimefanya. Penseli ni ya mwanangu wa darasa la pili. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naondoka na pikipiki kwenda wilayani, chupa iko mfuko wa shati.